Zamu ya Maji

Barua za Dakta Mundhir huingia saa nane za usiku:
"Kesho nataka matokeo," bila salamu, bila jina,
na kesho ikifika yeye yuko Doha,
au Kuwait, au angani baina ya hiyo miwili,
anaelezea, mbele ya maua ya plastiki,
kazi ya mikono asiyoijua idadi yake.

Mimi ni wa chumba namba nne.
Napima chumvi. Mwaka wa pili huu napima chumvi
ya falaji moja ya Izki, kila Jumanne,
chupa kumi na mbili, lebo za wino wa buluu,
kisha friji, kisha mashine inayokohoa,
kisha jedwali,
kisha kimya.

Kikao cha kikundi tulikifanya mara moja.
Ramadhani, tukala sambusa, akatuita "familia yangu",
akatazama saa, akaenda zake.

Familia! Kaka mkubwa, Haitham, mwaka wa saba huu
yumo katika sura ya tatu,
maana sura ya tatu hubadilika kila bosi anaposhuka ndegeni.
Mwingine alitoroka, ana duka la simu Barka;
mashine ikifa tunampigia yeye.
Kwenye makala ya kwanza jina langu lilikuwa la tano,
na la pili la mtu nisiyepata kumwona.
Nikauliza. Nikaambiwa subira huvuta heri, binti.
Yangu imeshavuta kila kitu, ila hiyo heri.

Jumanne ile jua lilitukalia utosini kama deni.
Nimepiga magoti pale maji yanapochomoza,
nikaona ng'ambo ya mfereji mikono mingine,
chupa ile ile, kifuniko kile kile cha kijani,
lebo: falaji hii, tarehe hii. Wino mweusi.

"Rayya," akasema, kwa Kiingereza. "Chumba namba tisa.
Kwa Dakta Mundhir. Napima chumvi.
Mwaka wa pili huu."

Chupa yangu ikajaa, ikafurika, ikazidi kufurika.
"Mama yangu!" likanitoka, kwa lugha ya huyo mama,
naye akaruka: "We! Kumbe Mswahili?"
Mamake wa Bujumbura, wangu wa Wete,
na miaka miwili tunapishana kwenye lifti
tukipeana salamu baridi kama marumaru.

Khalfan, mgawa maji, rika letu, alikuwa akipita,
simu sikioni, daftari kwapani:
nusu saa ya bibi Shamsa, mjane,
nusu saa ya mitende ya msikiti,
robo ya mtoto aliye Sohar, ambaye shamba hajaliona
lakini maji yake hayaguswi.
Akafunua ukurasa. "Nyinyi wa chuo mmo humu mara mbili.
Kila Jumanne, mara mbili. Nikadhani mnakaguana.
Kwani hamna mtu wa kuwapangia zamu?"

Tukatazama maji. Yalikuwa yanakwenda kwa bibi Shamsa,
bila kuuliza njia.

Tukarudi kwa gari moja, chupa ishirini na nne zikigongana nyuma.
Usiku, chumba namba nne, tukalaza majedwali sambamba:
zake, zangu, zake, zangu,
zinalingana hadi nukta ya pili.
Ukweli tumeupata, basi. Tumeupata mara mbili,
na umri ulioliwa hauna friji ya kuuhifadhi.

Saa nane simu mbili zikatetemeka juu ya meza moja.
Rayya akasoma yake kwa sauti, nami nafuatisha kwenye yangu,
neno kwa neno, mpaka nukta:
"Usimwambie mtu. Katika kikundi kizima
ni wewe tu ninayekutegemea."

Akailaza simu kifudifudi.
Mimi nikatafuta rula.
Hatukuwa na daftari, tukapiga mistari
nyuma ya bango la mkutano wa Doha, upande mweupe:
Jumanne hii wewe,
ijayo mimi,
na safu ya tatu tukaiacha wazi,
maana Haitham bado alikuwa macho, taa yake inawaka,
na hakuna aliyewahi kumuuliza anapima nini.